Msimwachishe fizikia kwa kumwonea huruma

Wiki mbili zilizopita, jioni, nikiwa barazani nachambua mchicha, alikuja binti mmoja wa Kidato cha Pili. Ni jirani yangu, nyumba ya tatu. Akaniamkia, akakaa kwenye ngazi, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akanipa kauntabuku yake ya fizikia, ya kwaya mbili, aliyoijaladia kwa gazeti. "Bibi shamba," akasema, "hii bado ina kurasa nyingi. Mpe mtoto mwingine. Mimi mwakani siendelei na fizikia."

Kwa wasionifahamu, mimi ni afisa ugani wa kata, huku Lindi, upande wa barabara ya kwenda Kilwa. Kata nzima wananiita bibi shamba. Jumamosi mabinti kumi na kitu huja kwangu tukafanya hesabu na sayansi pamoja, na huyu ni mmoja wao. Kichwa chake ni kizuri, siyo wa kusukumwa. Nikamuuliza nani kamgombeza. Hakuna aliyemgombeza. Mwalimu alimwita pembeni kwa upole, akamwambia anaona anavyohangaika, mama mgonjwa, maji mbali, wadogo zake wanamtegemea, kwa hiyo asijitese na fizikia, ahamie sanaa apate cheti chake kwa amani. Binti aliponisimulia hayo alikuwa anashukuru kutoka moyoni.

Usiku ule sikulala vizuri kwa ajili ya ile shukrani. Naijua. Niliwahi kuitoa mimi mwenyewe.

Nimezaliwa Newala, juu kwenye uwanda wa Wamakonde. Aliyefika Newala anajua shida yetu ya maji: kule juu mchanga unakunywa mvua yote, na maji yanakuja kutokea chini kabisa, kwenye miteremko na mabonde. Mama zetu waliteremka na ndoo tupu alfajiri na kupanda na ndoo iliyojaa jua likiwa limeshawaka. Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenilea. Hakusoma hata darasa moja. Alikuwa na mikorosho yake, na wakati ule, mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla ya mfumo wa stakabadhi ghalani, wa korosho kupimwa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ulioanza 2007, wanunuzi walikuwa wanapita mlango kwa mlango na bakuli. Siku hizi mtindo huo tunauita kangomba. Bakuli moja linahesabiwa kilo moja, unapewa hela yako mkononi, basi.

Likizo ya Desemba nikiwa Kidato cha Kwanza, Bibi aliuza mabakuli arobaini. Yule mnunuzi aliacha bakuli lake kwetu, maana angerudi kesho yake kununua zaidi. Nikalijaza korosho kama yeye alivyokuwa akijaza, na kichungu juu yake, nikaenda nalo dukani kwa mjomba wangu aliyekuwa na mizani ya mawe. Tukamimina korosho kwenye sahani moja na kuweka jiwe la kilo kwenye nyingine, upande wa korosho ukalala. Tukaongeza jiwe la robo, ndipo sahani zikasimama sawa. Kilo moja na robo. Nikapima bakuli la pili na la tatu, jibu lile lile.

Nikarudi mbio nikamwambia Bibi kwamba mabakuli arobaini ni kilo hamsini, wewe umelipwa arobaini. Hakunijibu. Alikaa kwenye mkeka, akachukua korosho kwenye ungo, akazipanga nne kwa mstari, akaiweka ya tano pembeni peke yake. Halafu nne nyingine, na moja pembeni. Akaendelea hivyo mpaka mistari ikafika kumi. Akazitazama zile kumi za pembeni, akazisogeza karibu na goti lake kwa kiganja, moja moja. "Kila bakuli nne," akasema, "anaondoka na kilo moja ya bure." Mimi nilikuwa nimefika hapo kwa kalamu na kuzidisha. Yeye alifika kwa vidole vyake, na ule ndio uwiano, ule ule tunaoandika ubaoni. Mnunuzi aliporudi asubuhi, Bibi alimkabidhi bakuli lake tupu na kumwambia akija tena aje na mizani.

Nimeeleza kirefu kwa sababu bila bakuli lile hamtaelewa kilichofuata.

Nilipoingia Kidato cha Tatu, mwalimu mmoja mwema sana, ambaye alinipa hata sare pale yangu ilipochanika, aliniita akaniambia niachane na fizikia. Alisema wasichana wa kijijini inawaumiza bure. Nikamshukuru kwa machozi. Nilijiona nimetuliwa ndoo kichwani. Muhula mzima nikawa natoka darasani fizikia ikiingia, naenda kukaa chini ya mwembe na wasichana wenzangu. Tulikuwa tisa chini ya mwembe ule. Darasani walibaki wavulana na msichana mmoja.

Likizo nikarudi kwa Bibi. Akaniuliza habari za "ile hesabu ya mizani", maana aliamini huko sekondari tunasoma mizani, na kweli fizikia inafundisha mizani, nguvu na mkono wake na jinsi pande mbili zinavyolingana. Nikamwambia nimeacha. Akauliza nani kakuachisha. Nikasema mwalimu, kanihurumia.

Bibi akasema, "Hata yule wa bakuli alikuwa ananihurumia. Aliniambia, bibi usihangaike kwenda mnadani na miguu yako hiyo, mimi nitakufuata hapa hapa mlangoni."

Nilirudi shule, nikaingia darasa la fizikia bila kuomba ruhusa na kukaa karibu na yule msichana mmoja. Alinipa madaftari yake nikanakili muhula mzima usiku kwa usiku, kwa koroboi. Kidato cha Nne nilipata C ya fizikia. Naitaja hiyo C kwa kujivunia, kwani ndiyo iliyonivusha hadi Kidato cha Tano masomo ya sayansi, kisha chuo cha kilimo, kisha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Yule mwalimu mwema simchukii hata leo. Ila nasema wazi kwamba upole wake ulikaribia kunifungia njia kuliko fimbo ya mwalimu yeyote.

Sasa niko upande wa pili, mimi ndiye mtu mzima, na ninaona huruma ile ile ikiwazunguka mabinti wa huku Kusini kila siku na kwa sura nyingi. Binti akisema hesabu ngumu, mama anamwambia "hata mimi zilinishinda, mwanangu", akidhani anamfariji. Mvulana akisema hivyo hivyo anaambiwa akakazane. Binti akipata 28 kwenye hisabati anaambiwa si mbaya kwa msichana. Hakuna hata mmoja kati ya wanaosema hivyo anayemtakia mabaya.

Kuna na unyago. Mimi nilichezwa, na mengi niliyofundishwa ndani nayatumia mpaka leo: heshima, usafi, kuhesabu siku zangu. Kinachoniuma ni kinachokuja baada ya mwali, yaani binti aliyechezwa, kutoka. Watu wanasema "huyu sasa mtu mzima", na kwa neno hilo anapunguziwa daftari na kuongezewa jiko. Nilimwendea somo mmoja, yaani mfunzi wa unyago, wa mtaani kwetu, mama mtu mzima anayesikilizwa kuliko mwenyekiti wa kijiji, nikamweleza. Aliniambia yeye huwa na mwali siku chache tu, wanaomkatisha shule ni wazazi. Tangu mwaka jana, siku ya kuwatoa wali, anasimama mbele ya watu wote na kusema kwamba mwali huyu Jumatatu yuko darasani na madaftari yake yote, na atakayemzuia amjibu yeye. Semina zote nilizowahi kuhudhuria hazijafikia sentensi hiyo.

Na kuna hedhi. Hili walimu wanaume wengi hawalipigii hesabu. Binti asiye na taulo anakaa nyumbani siku tatu, nne kila mwezi. Historia utaomba daftari ukanakili. Lakini milinganyo ni ngazi, ukikosa kipago kimoja cha chini hufiki cha juu, na ukirudi darasani unaona wenzako wako juu unajiambia huna akili. Kwangu Jumamosi tuna utaratibu mmoja: kila binti ana mwenzake, na mmoja akikosa siku, mwingine anampelekea nyumbani alichosoma, siku ile ile, na anamfundisha kwa Kiswahili. Nasisitiza kwa Kiswahili. Hawa watoto wamesoma msingi kwa Kiswahili, wakifika sekondari kila kitu kimegeuka Kiingereza, na wengi wanalia wakidhani wameshindwa hesabu kumbe wameshindwa neno. Kuna mmoja alikwama kabisa kwenye mteremko wa mstari. Nikamwambia ni kama njia ya kisimani: ukitembea hatua mia moja mbele, umeteremka hatua ngapi? Akasema kumi na tano hivi. Nikamwambia gawa. Akanitazama, akasema, "Kumbe ndiyo hiyo?" Ndiyo hiyo, mwanangu.

Jumamosi moja ya Agosti niliwauliza kama wanajua mjusi wa Tendaguru alikuwa na urefu gani. Wanajua jina tu. Kilima cha Tendaguru kiko hapa hapa Lindi, kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya mjini. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria walioishi miaka kama milioni 150 iliyopita, na waliochimba kwa mikono ni babu zetu. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa, zaidi ya tani 200, ilibebwa kwa miguu na wapagazi hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Leo mmoja amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, na urefu wake hadi kichwani ni mita 13.27.

Mmoja akauliza, mita kumi na tatu ni kama nini? Nikawaambia tutafute mti ulio sawa naye, bila kupanda. Tukasimika fimbo ya mita moja kwenye mchanga. Ilikuwa saa tano asubuhi, kivuli cha fimbo kilikuwa sentimita 60. Wakaanza kupima vivuli vya minazi kwa kamba tuliyoifunga fundo kila mita. Mnazi wa kwanza mfupi, wa pili mrefu mno. Wa tatu, ulio nyuma ya msikiti, kivuli chake kikatoka mita 7.8. Binti mdogo kuliko wote, ambaye huwa haongei, akachuchumaa akagawa kwa kijiti mchangani: 7.8 kwa 0.6. Akapata 13. Akafuta, akarudia, akapata 13. Akanyanyuka akainua shingo kutazama makuti kule juu, na wenzake wote wakainua shingo. Hakuna aliyesema neno mpaka mmoja aliposema, "Yaani kichwa chake kingekuwa kwenye madafu." Mpaka leo mnazi ule wanauita mjusi.

Nikawaambia kwamba Berlin hiyo hiyo iliyochukua mifupa yetu, alikwenda huko Mtanzania mmoja na kurudi na kitu. Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, 1954, alisoma hisabati na fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaenda kuchukua udaktari wa hisabati Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kufikia udaktari wa hisabati. Taaluma yake ni mwendo wa vimiminika, yaani jinsi maji, mafuta na vinginevyo vinavyotiririka, na amefundisha Dar es Salaam na Rwanda. Waliniuliza swali moja tu: alikuwa anachota maji? Sikuwa na jibu. Ila nilielewa wanauliza nini.

Wengine wananiambia bibi shamba unawachosha watoto, sayansi yenyewe itawasaidia nini huku. Nikumbushe kwamba gesi iligunduliwa Songosongo 1974 na Mnazi Bay 1982, na bomba la kutoka Mtwara hadi Dar likazinduliwa 2015. Wakati wa ujenzi, mabinti niliowafahamu walipata kazi ya kupika na kufua. Ni kazi ya halali, siidharau. Lakini waliokuwa wakisoma mita za mgandamizo walitoka mbali, na wote walikuwa na fizikia kwenye cheti.

Na tusifike hata kwenye gesi, tubaki shambani. Kuna ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu mweupe unaokamata maua ya mkorosho kipindi cha baridi. Vizazi vya bibi zetu vinaukumbuka. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 haikufika 20,000. Kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vya ujamaa kulichangia, bei ilichangia, na ubwiriunga ulichangia sana. Zao liliinuka tena kwa salfa na kwa utafiti, mwingi wa pale Naliendele, Mtwara. Sasa mwaka huu binti mmoja wa Jumamosi aliketi na mama yake kabla ya kununua salfa. Miti 60, robo kilo kwa mti, ni kilo 15 kwa mzunguko. Mizunguko mitano, kilo 75. Mfuko una kilo 25, kwa hiyo mifuko mitatu. Mama alikaa kimya, akasema mwaka jana aliuziwa mitano. Tangu siku hiyo binti huyo haambiwi aache hesabu akaoshe vyombo. Anaambiwa amalize hesabu kwanza.

Milango mingine serikali imeifungua na ni haki kuisema. Ada ya Kidato cha Tano na Sita ilifutwa kuanzia 2022, wanaofaulu sana sayansi Kidato cha Sita wana Samia Skolashipu, ufadhili wa serikali wa masomo ya chuo kikuu, na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Mzazi ambaye hajasikia aende kwa mwalimu mkuu aulize. Lakini milango hiyo yote iko mbele. Binti aliyeachishwa fizikia akiwa na miaka 15 hafiki hapo.

Narudi kwa jirani yangu na kauntabuku yake.

Sisi Wamakonde, na Wamwera na Wayao pia, ukoo tunauhesabu kwa mama. Ukitaka jambo la mtoto liamuliwe likaamulika, kuzungumza na baba peke yake hakutoshi, mtafute mjomba. Huwa nawaambia walimu wageni wanaopangiwa huku: mkutano wa wazazi mmeuita vizuri, lakini wajomba mmewaita? Mjomba wa binti huyu ni karani wa mizani kwenye ghala la chama cha msingi. Jumapili nilimfuata, kauntabuku ikiwa kwenye mkoba wangu.

Alinikaribisha vizuri. Akaniambia mwenyewe, kabla sijamaliza, kwamba habari anazo na ameridhia, kwa sababu anamwonea huruma mtoto, dada yake anaumwa tangu Ramadhani na mzigo wote uko kwa binti. Sikumpinga. Nilimuuliza maji wanachota mara ngapi kwa siku. Akasema tatu. Nikamuuliza watoto wake wa kiume wawili wana baiskeli? Wanayo. Akanyamaza, akatazama nje, akacheka kidogo, akasema, "Nimekuelewa, bibi shamba."

Halafu nikamsimulia bakuli la Bibi. Huyu mtu amesimama kwenye mizani miaka kumi na moja, sikuhitaji kumfafanulia kitu. Akasema kila msimu wakulima wanagombana naye kwenye uzito wa gunia tupu, unaotakiwa kutolewa kwenye jumla, na hata yeye akichoka jioni hukosea. Mizani inafunguliwa Oktoba. Akasema Jumamosi za mchana binti aje ghalani, akae pembeni yake na daftari, atoe hesabu ya kila gunia kivyake, kisha walinganishe. Na kwa mwalimu atakwenda yeye mwenyewe Jumatatu, kwa heshima, kumweleza kwamba familia imekaa na imeamua aendelee.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya mihogo, sijui tangu saa ngapi. Akaiweka mkekani, akanyoosha mkono, nikampa kauntabuku yake. Akauliza Jumamosi tunaanza saa tatu au saa nne.